Mama Muzee Anaanza Kusahabu Kila Kitu: Vile Mutaishi Naye ku Nyumba

Ya kwanza kabisa, muzee mwenye anapotea njia ya kwake, anazunguka mu parseli usiku, anasemesha batu benye balikufa zamani, haiko mulozi. Ni ugonjwa ya ubongo. Hapa kwetu Bukavu bamama bazee banafukuzwa na hata kupigwa juu tu jirani alibaona inje usiku na kikwembe moja, na pengine alikuwa anatafuta choo. Baganga banaiita demansi, na ile ya Alzheimer njo inaonekana mingi kupita zingine, kisha kuko ile inatokana na tansio ya juu ao sukari yenye iliharibisha mishipa ya damu mu kichwa.

Kukosa fasi uliweka funguo, hiyo inafikia kila mutu. Uangalie kama anauliza swali moja tena na tena, anatia chumvi mara tatu mu sombe, anaenda soko ya Kadutu yenye alienda maisha yake yote na anashindwa kurudi. Ya leo njo inatoka kwanza, ya zamani inabakia, njo maana anaweza kukuambia bei ya samaki sambaza kwa makuta, na pesa ya zaire na makuta zake iliachia franka nafasi tangu 1998, lakini hajui kama ametoka kula sasa hivi. Hakudanganye.

Mumupeleke lopitali, bapime tansio, sukari, damu, na mubebe dawa zote anakunywa juu kuko dawa zinavurugaka kichwa. Pengine ni kukosa vitamini B12, ao tezi ya shingo, ao huzuni kali, na hiyo yote inatunzwa. Kama amevurugika gafla, siku moja ao mbili, musingoje hata kidogo: inaweza kuwa malaria, infeksio ya mukojo, ao alianguka akagonga kichwa. Hapa mujini kuko pia SOSAME benye banatunza magonjwa ya akili, musiogope batu batasema nini. Alzheimer yenyewe haina dawa ya kuiponyesha, sasa mutu akikuomba dola juu ya "kumufungua", ukatae. Kuomba Mungu muombe, lakini muzee asinyimwe chakula na maji ati anafunga.

Kitu yenye inasaidia kupita yote ni kuacha kumubisha. Magaribi anakamata kitambaa yake anasema "niende kwa mama, ananingojea". Ukimujibu mama yako alikufa, analia kilio kama njo anasikia leo, na kesho utamufanya alie tena, sasa faida ni gani? Umuulize "mama yako alikuwa anapika nini yenye ulipenda?", umuikalishe, umupe chai, atasema mpaka ile safari itoke mu kichwa. Akisema mumemwibia pesa, umuambie "tutafute pamoja", mara mingi mutaikuta chini ya matela ao mu mufuko ya muchele. Usimuulize "unanijua mimi ni nani?" mbele ya bageni, inamupatisha haya, ujitaje weye mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi mutoto wako wa tatu". Giza inamuogopesha, taa iwashwe mbele jua iingie, na umeme ikikatika mukuwe na lampe karibu.

Moto ya makala asiachiwe nayo yeye peke. Hapa ni milima, ngazi za udongo zinateleza mvua ikinyesha, mumushike mukono. Namba ya telefone muishone ku pindo ya kikwembe chake na mujulishe jirani, mutu wa duka na bale banaendesha pikipiki njiani, juu siku atatoka, bao njo batamuona kwanza.

Na kazi yote isiangukie binti moja tu juu hajaolewa. Mugawane masiku na mausiku, na yule iko Kinshasa ao Ulaya asitume tu pesa, akuje pia alale chumba moja na mama juma nzima, kusudi yule binti apate kulala.