Mapenzi kwa Jina Hili, Upelelezi kwa Jina Lile

Nauza hadithi za mapenzi kwa jina moja na za upelelezi kwa jina jingine, sehemu kwa sehemu, kwenye magrupu ya WhatsApp. Msomaji wa mapenzi amelipia ndoa. Akifungua sehemu ya kwanza akakuta maiti kisimani, ana haki ya kudai hela yake. Ukitaka kuandika kote kuwili, mtengee kila msomaji jina lake.

Agatha Christie, yule Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alifanya hivyo. Kati ya 1930 na 1956 alitoa riwaya sita zisizo na mpelelezi kwa jina la Mary Westmacott, na siri ilidumu karibu miaka 20. Mary lilikuwa jina lake la pili kwelikweli. Nawe chukua jina lililo karibu nawe, la bibi au la ujombani, maana utaitwa nalo na inabidi uitike. Litafute kwanza Google na Facebook. Ukikuta lina mwandishi tayari, liache.

Kazi kubwa iko kwenye sauti. Chukua tukio moja: mwanamke anarudi usiku, anakuta mlango wazi. Mwandishi wangu wa mapenzi ataandika: “Zuhura alisimama kizingitini, na kabla macho hayajazoea giza, harufu ya udi ilishamwambia kwamba Idi amerudi.” Yule wa upelelezi: “Mlango ulikuwa wazi. Kitasa hakikuvunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.” Wa kwanza anakaa ndani ya moyo wa Zuhura, wa pili anakagua vitu na kukata sentensi. Kila mmoja ana daftari lake, na humo nimeandika hata maneno asiyoyatumia kamwe. Wa upelelezi haruhusiwi “moyo ulimwenda mbio”. Kabla ya kuanza kazi nasoma kwa sauti ukurasa wa mwandishi husika, na siku ya huyu siigusi kazi ya yule.

Halafu pesa, na hapa ndipo siri nyingi huvuja. Msomaji akikutumia kwa M-Pesa kwenye namba yako, jina ulilosajilia laini linamtokea kabla hajathibitisha. Sajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kisha uombe Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, kwa jina hilo. Biashara moja yatosha kwa waandishi wako wote. Mwenye nia ya kukuchimba atakupata kwenye kumbukumbu za usajili, ila msomaji wa kawaida hafiki huko. Mkataba na mchapishaji utie saini kwa jina lako halisi, na la kalamu, yaani lile unaloandikia, litajwe humo humo, usije ukashindwa kudai chako.

Ukiandika za watoto na za wakubwa, hapo usijiulize mara mbili: tenganisha jina, ukurasa, picha ya jalada na hata namba ya simu. Mzazi anayemtafutia mwanawe hadithi ya sungura asikutane na chumba cha gesti.