Kuchimba mtaro karibu na bomba la gesi: mwongozo kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa fundi wa maji, wa mtu wa mkongo wa mawasiliano, wa mkandarasi wa barabara za mitaa, na wa mtendaji anayegonga mhuri kwenye vibali vyao. Wanaohudumia bomba lenyewe wana taratibu zao. Lakini bomba la gesi la presha kubwa likishazungukwa na mji, tishio lake kubwa ni mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, ana kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, cha kukodi kwa saa, na tajiri wake anapiga simu kila baada ya muda kuuliza wamefika wapi. Kazi yangu ni kusimamia uchimbaji wa namna hiyo. Haya ndiyo ninayofuata.

Kwanza jua umesimama karibu na nini

Mabomba ya huku hayafanani. Lipo kubwa la inchi 36 linaloanzia Madimba, linapita Lindi, linakutana na la inchi 24 kutoka Songo Songo pale Somanga Fungu, kisha linakwenda Dar es Salaam. Hilo lilizinduliwa Oktoba 2015. Lipo jingine lililotangulia, la inchi 8, linaloleta gesi ya Mnazi Bay kwenye mitambo ya umeme ya Mtwara. Halafu kuna ya plastiki yanayoingia majumbani, ambayo presha yake ni ndogo.

Wahandisi wa Marekani wana hesabu nyepesi ya kukadiria moto utafika wapi bomba likipasuka na kuwaka. Chukua 0.69, zidisha kwa kipenyo cha bomba kwa inchi, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha presha kwa psi (pauni kwa kila inchi ya mraba). Jibu ni futi. Tuseme presha ni psi 1,000, namba ya mfano tu: bomba la inchi 8 linakupa kama mita 53 kila upande, la inchi 36 linakupa karibu mita 240. Sasa tembea umbali huo kutoka unapotaka kuchimba na uandike unachokikuta: darasa, kijiwe cha bodaboda, mama lishe na jiko lake la mkaa. Orodha hiyo itakufaa baadaye.

Hatua ya 1: Barua kabla ya kijiko

Peleka barua na mchoro wa njia ya mtaro wako kwa TPDC, yaani Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, au GASCO, kampuni yake tanzu inayoendesha bomba kubwa, na uombe mtu wao awepo siku ya kuchimba. Kibali cha mtaa ni cha lazima, lakini hakitoshi. Mwenyekiti anajua mipaka ya viwanja. Ramani ya bomba hana. Kama mtaro unaingia kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa bomba, usianze mpaka ruhusa iwe kwenye karatasi. "Tumeongea kwa simu" haitambuliki siku ya matatizo.

Hatua ya 2: Tembea njia yote kwa miguu

Tafuta nguzo za alama, vibao vya tahadhari, na vile viguzo vyenye kisanduku cha nyaya ambavyo watu wanadhani ni vya simu. Hivyo ni vituo vya kupimia kinga ya kutu, yaani umeme mdogo unaolinda bomba lisiliwe na kutu. Usichukue nguzo mbili ukavuta mstari ulionyooka kwa macho, kwa sababu bomba linaweza kupinda katikati. Nguzo zenyewe nyingine zimeng'olewa, nyingine zinafungiwa mbuzi.

Uliza wenyeji waliokuwepo bomba likilazwa. Kuna mtaa nje kidogo ya Mtwara tulifika na mchoro mkononi, tukamkuta bibi mmoja anaokota korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnatafuta bomba?"

"Ndiyo bibi. Linapita pale kwenye nguzo?"

"Nguzo waliisogeza wenye kiwanja. Bomba limepita hapa. Mikorosho yangu miwili waliikata na fidia nikapokea, ule wa tatu wakauacha kwa kuwa linapindia hapo."

Tulipowasha kifaa, kikakubaliana na bibi.

Hatua ya 3: Tafuta kwa kifaa, na ujue kifaa hakioni nini

Kifaa cha kutafutia mabomba kinasikia chuma. Bomba la plastiki hakilisikii, isipokuwa kama lililazwa pamoja na waya wa kulitambulisha. Kwa hiyo kifaa kikinyamaza, hujapata ruhusa ya kuchimba. Umepata sababu ya kwenda taratibu zaidi. Weka alama kwa chokaa au vijiti, na usiamini kina cha kwenye kifaa wala cha kwenye mchoro. Mchanga wa pwani unahama. Palipokuwa na mita moja ya udongo juu ya bomba, mvua za misimu kadhaa zinaweza kuwa zimebakiza nusu yake.

Hatua ya 4: Mashimo ya majaribio, kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, maana ni ya polepole na vibarua wanataka malipo. Kila mahali mtaro wako utakapokatiza bomba, na kila baada ya mita chache pale unapokwenda sambamba nalo, chimbeni shimo dogo kwa chepe mpaka bomba lionekane kwa macho. Mimi naondoa sururu zote eneo hilo. Sururu inashuka na uzito wake wote kwenye ncha moja, na anayeipiga haoni inapotua.

Chepe liingizwe kwa mshazari, kutoka ubavuni kuelekea bomba, lisishushwe wima kutoka juu. Mara nyingi kitakachotangulia kuonekana ni utepe wa tahadhari, au rangi ya udongo itabadilika ghafla na kuwa mchanga laini usio na mawe. Ukiona hivyo, weka chepe pembeni na umalizie kwa mikono. Kwenye mchanga mkavu kama wa Shangani ya Mtwara kingo zinaporomoka haraka, kwa hiyo panua shimo juu kabla ya kwenda chini, wala usiruhusu mtu aingie peke yake shimo likishampita kiuno.

Bomba likionekana, pima kina, piga picha ukiwa na futi kamba ndani ya picha, na uandike.

Hatua ya 5: Kijiko

Karibu na bomba la presha kubwa, mimi siruhusu mashine ndani ya mita 3, hata kama mwakilishi wa wenye bomba amechelewa na siku inakwisha. Nje ya hapo, kijiko kifanye kazi kwa ndoo isiyo na meno, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia ndoo tu. Akiinua mkono, dereva anasimama na maswali yanafuata baadaye. Mtu huyo asiwe anayetaka mtaro uishe mapema.

Hatua ya 6: Ukiligusa

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Ndoo imegusa bomba, mlio wa chuma umesikika, hakuna gesi iliyotoka. Dereva anashuka, anaona mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye ganda linalofunika chuma cha bomba, anapaka tope na kuendelea. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien, Ubelgiji, bomba la gesi la presha kubwa lilipasuka kwenye eneo la viwanda na kuua watu 24. Lilikuwa limejeruhiwa na mashine ya ujenzi kabla ya siku hiyo, likavumilia, mpaka presha ilipopandishwa.

Mkwaruzo ukifika kwenye chuma, hapo ndipo nguvu ya presha inapokusanyika. Hata ukiishia kwenye ganda tu, chuma kimebaki wazi kwenye udongo wenye unyevu na chumvi ya bahari. Kinga ya kutu kwa umeme inasaidia, lakini imewekwa ili ishirikiane na ganda, si kuziba pengo lake siku zote.

Kwa hiyo: simamisha kazi, acha shimo wazi, weka uzio, piga simu kwa wenye bomba. Usifukie, usipake kitu. Na mkandarasi atangaze asubuhi, mbele ya wote, kwamba atakayeripoti mkwaruzo hakatwi hata senti. Bila tangazo hilo, tope litapakwa.

Hatua ya 7: Gesi ikitoka

Utasikia mvumo, utaona vumbi linarushwa au maji ya dimbwi yanachemka bila moto. Usisubiri harufu: gesi asilia haina harufu yake, huongezwa, na si kila bomba kubwa lina gesi iliyotiwa harufu.

Acha kijiko kilipo, watu waondoke kwa kwenda upepo unakotokea, na simu ipigwe ukiwa mbali: wenye bomba, kisha Zimamoto 114. Toa ile orodha ya majirani na uanze na mama lishe na shule. Usijaribu kuziba kwa matope wala kufunga valvu usiyoijua. Ikishawaka, usiuzime moto wa bomba. Ukizimika huku gesi inatoka, gesi itatafuta jiko lingine. Wala msikae karibu mkidhani itafungwa mara moja. San Bruno, California, Septemba 2010, walikufa watu 8, na ilichukua dakika 95 kufunga gesi.

Hatua ya 8: Kufukia

Wenye bomba walikague kwanza. Kisha mchanga laini pande zote, bila mawe wala vipande vya tofali, ushindiliwe kwa mkono karibu na bomba. Rudisha utepe wa tahadhari na nguzo mahali pake. Picha na vipimo vya mashimo: nakala moja kwa wenye bomba, moja ofisi ya mtaa.

Rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika ya huku, Desemba hivi. Udongo ukiwa umetitia, ongeza mchanga na uzibe njia kwa magogo, kwani malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini yakikuta barabara imeharibika, dereva atachepukia popote palipo wazi.