Kuuza WiFi mu kartie bila kumezwa na bakubwa

Kama unataka kuuzia bantu intaneti ku nyumba hapa Lubumbashi, tuseme mu komini ya Katuba ao komini ya Kenya, usikimbilie kununua antene. Tembea kwanza mu avenue yako 20h ya usiku, uliza majirani banalipaka ngapi kwa mwezi na nini inabachokesha. Mingi batakuambia bananunua forfe (mega za simu) ya Vodacom, Airtel ao Orange kidogo kidogo kila siku, mutoto anafungua video moja, imeisha. Hao njo bateja bako, si boss wa Golf, kartie ya batajiri, mwenye ataweka Starlink (intaneti ya satelite) yake mwenyewe, juu tangu mwezi wa 5 mwaka 2025 iko na ruhusa mu inchi (mwaka wa 2024 ilikuwa imekatazwa). Na usifikirie kununua ile Starlink ya nyumba ugawie majirani kwa makuta, kontra yao inakataza, na kuuza intaneti bila karatasi ya ARPTC (ofisi ya serkali yenye kusimamia simu na intaneti) ni kujitafutia matatizo.

Sasa hesabu. Umenunua mega 100 kwa sekunde ya fibre (intaneti ya kamba), uko na nyumba 40, kila moja umeiahidi mega 10, maana umeuza 400 na uko na 100. Si wizi, hata kampuni kubwa banafanyaka vile, juu bantu habatumiake pamoja. Shida ni kati ya 19h na 22h. Video ya HD inakula karibu mega 5, nyumba 20 zikifungua pamoja umekwisha, na kama ruta haina limiti kijana mmoja mwenye ku-download filamu anakunywa ya bote. Mi niliacha wazi miezi mbili ya kwanza, nikapoteza bateja bazuri kwa upumbavu wangu.

Bei usipigane nayo. Kampuni kubwa inaweza kupoteza makuta mwaka mzima bila kuhisi, wewe hapana. Wewe uko na miguu: WiFi ya mama imekatika 20h, 20h30 uko kwake na ngazi. Uza kwa siku na kwa wiki, pokea M-Pesa, juu bantu banapata makuta kila siku, si mwisho wa mwezi.

Utaona pia mumoja analipa, lupango (kiwanja ya familia mingi) nzima inatumia. Usikasirike, ubatengenezee abonema ya lupango, familia tatu, bei ya juu kidogo kuliko ya nyumba moja, kila moja analipa kidogo, na password haitembee tena kwa siri.

SNEL (kampuni ya umeme) ikikata, antene yako ibakie na batri, na umuuzie mteja kabatri ka ruta, vinginevyo giza yake ni kosa yako. Mvua ikianza mwezi wa 11, nguzo iwe na waya ya ardhini, radi ya huku haichezake.

Ukisikia kampuni kubwa banachimba barabara kwa kupitisha fibre, usingoje. Uzisha miezi tatu mbele na punguzo kabla bafike na promo yao, halafu nenda uombe kununua kwao kwa jumla, juu mu vichochoro vya ndani banachelewaka kuingia.