Kupanga mapishi ya nyumbani kwa muda wa moto: mwongozo kwa familia za Bukavu

Familia nyingi za Bukavu zina mapishi mazuri ambayo hayajaandikwa popote, kwa maana mama anayo sombe yake ya majani ya mihogo, shangazi anazo sambaza zake, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mama mkwe aliyetoka Uvira ana namna yake ya kupika ndakala, yaani dagaa. Anayetaka kupanga chakula cha wiki nzima hana budi kuyakusanya kwanza katika daftari moja. Ningemshauri asiyapange kwa herufi wala kwa aina ya mboga, bali kwa muda ambao sufuria inakaa motoni, kwa kuwa katika nyumba nyingi za hapa makala, yaani mkaa wa kupikia, ndiyo huamua kitakachopikwa.

Kazi ngumu ni vipimo. Mpishi mzoefu atakuambia utie chumvi kidogo na mawese ya kutosha, wala hakufichi kitu, kwani mkono wake ndio unaojua. Simama karibu naye siku anapopika, umwambie, "Mama, uniruhusu nipime kwanza," na kila anachotaka kutia sufuriani kipitie katika kikombe kimoja ulichokichagua, kisha uandike. Kikombe hicho kitumike kwa mapishi yote, maana vikombe viwili tofauti huharibu hesabu nzima.

Kila chakula kipewe ukurasa wake, wenye jina la aliyekufundisha, idadi ya walaji, vipimo, muda wa moto, na vitu ambavyo lazima vinunuliwe siku ile ile. Muda huo upime mwenyewe hapa mjini. Ziwa Kivu, ambalo Bukavu iko kando yake, liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi na Ziwa Tanganyika, la kule Uvira, mita 770 hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwa hiyo maharage yanayoiva kwa muda fulani kule Uvira yatataka muda zaidi Bukavu, hata kama ni ya gunia moja.

Sasa gawa daftari mara mbili. Upande wa moto mrefu weka maharage, nyama yenye mifupa na sombe. Sombe isipunguziwe muda kwa sababu ya kubana makala, kwani majani ya mihogo yana sumu ya asili inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi. Upande wa moto mfupi weka lengalenga (mchicha), matembele, mayai na sambaza za kukaanga.

Katika wiki moja chagua siku mbili tu za moto mrefu, na siku zilizobaki uzijaze kutoka upande wa pili. Tuseme Jumamosi ni ya maharage: yalowekwe tangu Ijumaa usiku ili yaive upesi, yapikwe ya kutosha Jumamosi na Jumapili, na makala yanayobaki yachemshe viazi vitamu au maji ya kunywa. Pasipo friji, au pale umeme unapokatika mara kwa mara, maharage hayo yachemshwe tena asubuhi na jioni, na yasivuke Jumapili. Sombe ingoje Jumatano. Bugali haihitaji ukurasa, isipokuwa nyumbani kwenu mnachanganya unga wa mihogo na wa mahindi kwa kiasi maalumu ambacho watoto watapaswa kukijua.

Sambaza zinataka uangalifu wa pekee katika ratiba. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta hadi kwenye nyavu. Mbalamwezi inapong'aa taa hizo hupoteza nguvu, samaki hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo ziandikie wiki za giza, na wiki ya mwezi mpevu nafasi yake ishikwe na sambaza kavu au mayai, badala ya kwenda soko la Kadutu au la Nyawera kubishana bei na mama muuzaji asiye na la kufanya.

Kabla ya kulitegemea daftari, mpe ukurasa mmoja kijana wa nyumbani ambaye hajawahi kupika chakula hicho, umwache peke yake jikoni. Kila atakapokuja kukuuliza, hapo ndipo maelezo yamepungua. Yajazie palepale, kwa kalamu ya rangi nyingine.