SOMO: Harufu za majirani zinaingiaje ndani kwako na unazizibaje (soma lote ndo uulize)

Haya jamani, hii naandika mara moja tu. Kila wiki kuna mtu ananifuata, moshi wa sigara wa jirani unaingia chumbani afanyeje, na kila wiki najibu yale yale mpaka nimechoka.

Kabla hujanunua kitu elewa hivi: harufu inabebwa na hewa, na hewa inavutwa. Ukiwasha feni ya kutolea hewa bafuni huku umefunga madirisha yote, hewa inayotoka lazima nyingine iingie kuziba pengo, itapita tundu lolote itakalokuta, na upande wa pili wa tundu ndo kuna jirani anavuta sigara yake. Kwa hiyo mara nyingi anayeivuta harufu ni wewe mwenyewe.

1. Mwaga maji kwenye kila tundu la kutolea maji usilolitumia.

2. Tafuta inapopita. Hapa ndo nilichemka vibaya. Nilizunguka na kijiti cha udi feni zote zimezimwa, moshi ukapanda wima kila mahali, nikajiaminisha kuta ni salama basi lazima ni mlango, nikapoteza wikendi mbili na mlango wala harufu haikupungua. Wewe funga madirisha, washa feni ya bafuni na ya jikoni, subiri kidogo ndo uzunguke. Moshi ukipeperuka kuja kwako ujue hapo panaingiza hewa. Angalia mabomba yanapotoboa ukuta ndani ya kabati la sinki (mimi nilikuta tundu ngumi inapita, limefichwa nyuma ya ndoo ya takataka!), soketi za ukuta wa jirani, taa za darini na kona za sakafu. Usipeleke kijiti kinachowaka karibu na pazia. Na UKISIKIA HARUFU YA GESI usiwashe kijiti, usiguse swichi yoyote, toka nje na upige simu ukiwa huko.

3. Ziba. Ufa mwembamba, silikoni. Bomba linalopita kwenda kwa jirani au ghorofa nyingine, tumia kizibo kinachohimili moto na uwaambie wenye jengo kwanza, maana ukuta ule ndo unazuia moto usihame. Soketi, zima umeme kwenye meinswichi, fungua kava, weka sponji nyembamba za kazi hiyo, rudisha kava. Usipulize povu ndani ya soketi.

4. Mpira chini ya mlango.

5. Feni ikiwaka, acha dirisha moja wazi kidogo.

Onyo: kama una jiko au hita ya gesi, matundu yake ya hewa USIYAZIBE. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

MASWALI

Mpangaji wa Juu: Nimepitia juu juu mkuu, ninunue erfresha gani?
— Hakuna. Rudi namba 2.

Mpangaji wa Juu: Si ungejibu tu, kuna ubaya gani?
— Nimejibu. Ukipuliza utapata sigara yenye harufu ya maua.

Mdadisi: Kaka samahani, hayo maji ya namba 1 yanasaidia nini? Nikirudi safari ndefu bafu linanuka mtaro.
— Swali zuri hili. Chini ya kila sinki bomba lina mkunjo unaobaki na maji, na hayo maji ndo mlango unaozuia hewa ya mtaro isipande. Ukikaa wiki kadhaa hujatumia yanakauka, mlango uko wazi. Ukisafiri tena mwaga maji halafu juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, yatachelewa kukauka. Kama bado linanuka na choo kinacheza ukikikalia, muhuri wake wa chini umeachia, ita fundi bomba.

Kibarazani: Mashine ya kusafisha hewa je? Yangu ina kichujio kizuri kabisa cha vumbi.
— Cha vumbi kinakamata chembe za moshi, harufu yenyewe ni gesi inapita. Unataka chenye mkaa mwingi, na mkaa ukishiba unabadilisha. Zile za ozoni achana nazo, zinaumiza mapafu.

Jogoo wa Ghorofa: Hii haifanyi kazi, nimeziba kila kitu.
— Ulijaribu na kijiti feni zikiwa zimewaka?

Jogoo wa Ghorofa: Sina kijiti.
— Sasa umejuaje umeziba kila kitu? Chukua hata karatasi ya chooni, ichane utepe mwembamba, ishikilie.

Mdadisi: Kaka nimerudi. Bafu limepona kwa maji tu. Ila na utepe nimekuta pengine, nyuma ya mashine ya kufulia, pale mpira wa maji machafu unapoingia ukutani, utepe ulikuwa unacheza kama bendera.
— Aisee hapo sikupataja, na kwangu sijawahi kusogeza mashine. Naenda kuangalia.