Mtu akikwambia kagundua G inatoka wapi, mkague hivi

G ya Newton, ile namba 6.6743 × 10⁻¹¹ inayosema mvutano kati ya vitu una nguvu kiasi gani, mpaka leo hakuna nadharia iliyokubalika inayoitoa, tunaipima tu maabara tangu enzi za mwanasayansi Mwingereza Cavendish 1798 halafu tunaichomeka kwenye fomula, ndo maana kila mara anaibuka mtu na maelezo yake, na sio wote wababaishaji, hata Dirac, mwanafizikia mkubwa wa karne ya 20, yumo.

Cha kwanza angalia yuniti. G inabeba mita, kilo na sekunde, kwa hiyo mtu akikuletea fomula ya namba tupu, pai mara hiki gawanya kile, ikatoka 6.674, we mwambie apige upya kwa futi na ratili. Hapo G inakuwa kama 1.069 × 10⁻⁹ na ile pai yake haijabadilika hata kidogo, basi imekufa hapohapo.

Akivuka hapo, tafuta G iliyofichwa, na hapa ndo wengi wananasa. Utaona kaandika G = l²c³/ħ, l ni urefu wa Planck, urefu mdogo mno wa kinadharia, c ni kasi ya mwanga, ħ ni namba ya msingi ya fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu. Chukua kalkuleta ya simu, weka 1.616255 × 10⁻³⁵, ipige kipeo cha pili, zidisha kwa c³, gawanya kwa ħ, inakuja 6.6743 safi kabisa, watu wanapiga makofi. Sasa muulize huo urefu kaupata wapi? Hakuna aliyeupima kwa rula, unakokotolewa kwa kutumia G yenyewe! Kaingiza G mlango wa nyuma katoka nayo mlango wa mbele.

Desimali nyingi zisikutishe. G inapimika kwa shida sana, maabara moja Marekani 2010 ilipata 6.67234, wale wa ofisi ya kimataifa ya vipimo kule Sèvres, Ufaransa wakapata 6.67545 mwaka 2013, yaani tarakimu ya nne tu tayari hawaelewani, sasa anayejisifu fomula yake imelenga mpaka tarakimu ya nane kalenga nini hasa?

Kama anasema G inabadilika na wakati, hiyo sasa inapimika, nzuri. Dirac mwaka 1937 aliona umeme kati ya protoni na elektroni unauzidi mvutano kama mara 10³⁹, na umri wa ulimwengu ukiupima kwa kipimo kidogo cha muda kinachotokana na atomu yenyewe unakaribia namba hiyohiyo, akasema sio bahati, G inapungua kadiri ulimwengu unavyozeeka. Piga hesabu: miaka bilioni 13.8, basi kila mwaka ipungue kama 7 × 10⁻¹¹ ya thamani yake. Ila leza zinazorushwa kwenye vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia Apollo 11 zinaonyesha kama kuna badiliko basi halizidi kama 10⁻¹³ kwa mwaka, mamia ya mara chini ya alivyotaka yeye. Wazo tamu, vipimo vikalikataa.

Binafsi ninayemheshimu zaidi ni Sakharov, mwanafizikia wa Kisovyeti, 1967, aliyesema mvutano sio kani ya msingi, unazaliwa na mitikisiko midogo ya kwanta kwenye ombwe, yaani nafasi tupu. Yuniti ziko sawa, fizikia ipo, ila ili G itoke na ukubwa wake lazima ukate hesabu kwenye kikomo fulani, na kikomo kinachofaa ni kilekile cha urefu wa Planck, kwa hiyo hata yeye muulize swali la mlango wa nyuma.