Redio ya zamani: spea isianzie dukani

Mzee mmoja wa Marangu aliniletea Philips ya transista, ya miaka ya 1960, ameifunga kwenye kitenge. "Mwanangu, niliachiwa na marehemu baba. Haisemi." Mafundi wawili walishamwambia spea zake hazipo tena.

Hakikisha kwanza ile iliyopo imekufa kweli. Mle ndani nilikuta transista za AF117, vikopo vya miguu minne. Ugonjwa wao tunaujua: ndani ya kopo huota nywele za bati, huzioni kwa macho, zikagusa viungo na kupiga shoti. Toa betri. Kolekta ni ule mguu uliojitenga. Jirani yake ndio mguu wa kopo, yaani ulioungwa na kopo lenyewe. Uchomoe huo kwenye bodi, uupime kwa mita na mingine mitatu. Ukisoma shoti na mmoja tu, uache ukiwa umekatwa, transista itafufuka bila shilingi kukutoka. Shoti ikiwa na miguu miwili, hapo sasa tafuta nyingine.

Na hiyo nyingine huipati kwenye maduka ya simu. Mimi huzunguka kwa watu wa vyuma chakavu, Mbuyuni na Kiboroloni hapa Moshi, nanunua redio mbovu nzima na kuichinja. Mke wangu anaita chini ya meza yangu makaburini. Nachukua transista, koili, spika, hata vifundo vya voliyumu. Kapasita za elektroliti siziokoti, maana hukauka hata zikiwa zimelala. Hizo nunua mpya: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Ya 100 kwa volti 10, weka ya volti 16. Angalia chanya na hasi, redio nyingi za transista za PNP, aina iliyotumika sana zamani, zimefanya chanya kuwa ndio ardhi ya saketi.

Muuzaji mmoja alinipa transista ya silikoni badala ya AC128, ambayo ni ya jemaniamu, "ni ileile, fundi." Si ileile. Jemaniamu huamka, yaani huanza kupitisha umeme, kwenye volti 0.2 hivi, silikoni inataka 0.6. Ukiipachika bila kubadili risista zake, redio inakwaruza ukipunguza sauti.

Ya mzee ilibaki uzi unaovuta mshale wa stesheni, umekatika. Nailoni ya kuvulia huteleza kwenye gurudumu, nikaweka uzi wa kusukwa, mizunguko miwili na nusu. Aliposikia stesheni ya kwanza akaniambia nisiizime, akaibeba hivyohivyo inaongea mpaka stendi.